Swichi Niliyoifunga kwa Tepu

Mhariri amenisihi siku nyingi niandike kitu kuhusu kazi yangu, nami nikawa namkwepa, maana kazi ya mhandisi wa umeme haina hadithi za kumkesha mtu. Lakini Ramadhani iliyopita lilitokea jambo katika jiko la ukumbi wetu, na baadhi yenu mlikuwapo. Jambo lile lilinikumbusha deni ninalolibeba tangu mwaka 1999. Leo nataka nilipunguze kidogo.

Mliokuwapo mtakumbuka. Ilibaki kama nusu saa adhana ya Magharibi isomwe, meza zimetandikwa, tende zimegawiwa, na ile maikrowevu kubwa ya ukumbi ikazima. Kijana wetu mmoja, hodari wa mikono, alikuwa ameshabadilisha fyuzi yake mara mbili wiki ile ile. Kila akiweka mpya, oveni hupasha sahani mbili tatu vizuri. Halafu shangazi mmoja hufungua mlango kabla ya muda kwisha, ajue kama viazi vya nazi vimeshika moto, na pap! fyuzi imeungua tena.

"Anko," kijana akaniambia, "fyuzi hizi ni dhaifu. Niweke uzi wa waya pale, tumalize kazi."

Nikakataa. Nikachomoa plagi na kusimama mbele ya oveni kama askari. Akina mama walinijia juu, na sina lawama nao. "Baba, injinia mzima unashindwa na fyuzi?" Futari ile tulipasha kwa sufuria, sambusa tukazila za baridi, nami nikaahidi kwamba nitajieleza. Maelezo yenyewe ndiyo haya.

Kiini cha kisa chote ni kidude cha plastiki kisichozidi kidole gumba, kiitwacho maikroswichi. Huenda jina hulijui, lakini umeshakigusa leo. Ukibonyeza kipanya cha kompyuta, ile sauti ya "tik" mara nyingi ni maikroswichi, ingawa vipanya vingine vya siku hizi hutumia mwanga badala yake. Ukifunga mlango wa mashine ya kufulia, kuna uwezekano mkubwa kwamba imo humo. Ukiingiza sarafu katika mashine ya kuuzia soda, mkono mwembamba wa waya huguswa na sarafu ikipita, na kwenye shina la mkono huo ipo swichi hii.

Ndani yake hamna maajabu. Pana ulimi mwembamba wa shaba wenye springi, na mwishoni mwa ulimi pana kichwa kidogo cha fedha, ambacho mafundi wengi hukiita pointi. Ukibonyeza kitufe taratibu, ulimi hujipinda bila kuhama. Unaendelea kujipinda mpaka ufike mahali ambapo hauwezi kuvumilia tena, na hapo huruka ghafla kwenda upande wa pili. Kule kuruka ndiko "tik" unayoisikia. Hata kidole chako kiwe kizito na kivivu kama cha mzee aliyetoka usingizini, pointi yenyewe huhama kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Kwa nini haraka hiyo? Kwa sababu umeme haupendi kuachwa polepole. Pointi mbili zikiachana taratibu, cheche hukaa katikati na kuzila, na baada ya muda zinaungua au zinagandana kama zilizochomelewa. Swichi inayoruka huikata cheche kabla haijanenepa. Mmarekani mmoja, McGall, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya betri ya Burgess mjini Freeport, jimbo la Illinois, ndiye aliyebuni mpango huu wa springi mwaka 1932. Mwaka 1937 mwajiri wake alianzisha kampuni ya kuzitengeneza, na jina la kampuni hiyo, Micro Switch, likageuka kuwa jina la swichi zote za namna hiyo, kama vile sisi tulivyozoea kuita kila dawa ya meno Kolgeti.

Nyingi zina miguu mitatu. Mmoja umeandikwa COM, nao ni wa pamoja. Wa pili ni NO: hauna mawasiliano mpaka ubonyeze. Wa tatu ni NC: una mawasiliano mpaka ubonyeze. Herufi hizo ziwekeni akilini, nitazirudia.

Kwa ukubwa zimo za aina nne tunazokutana nazo zaidi. Kubwa ina urefu wa milimita 49 hivi na huweza kubeba hata ampea 15, kwa hiyo utaikuta kwenye mashine za viwandani. Ya kati ina karibu milimita 28, na hii ndiyo mfalme wa vyombo vya nyumbani, maikrowevu ikiwemo. Ndogo ina milimita 20, na ndogo kabisa haifiki hata 13. Hizi mbili hukaa ndani ya vifaa vya elektroniki, printa, na vitasa vya milango ya magari.

Kisha angalia kinachobonyezwa. Yenye kitufe kitupu inafaa pale kinachokuja kinakuja moja kwa moja na hakipiti mbali. Yenye mkono wa bati hukubali kuguswa kwa nguvu ndogo zaidi. Mkono wenye kigurudumu ni wa vitu vinavyopita kwa kuteleza, kama mlango wa kusukuma au kipande cha mashine kinachozunguka. Pointi nazo hutofautiana. Za fedha ni za umeme wenye nguvu. Za kupakwa dhahabu ni za umeme hafifu wa elektroniki, kwa sababu fedha hushika kutu nyeusi, na umeme hafifu hauna nguvu ya kuipasua. Na penye maji au vumbi huwekwa iliyozibwa kila tundu. Fundi anayebadilisha swichi kwa kutazama umbo tu, bila kusoma maandishi ya ubavuni, anacheza bahati nasibu.

Hata majumbani kwetu Afrika Mashariki zipo. Lile boya la plastiki linaloning'inia kwa waya ndani ya tangi la maji, linalowasha na kuzima pampu, mara nyingi lina maikroswichi na gololi ya chuma tumboni. Boya likiinama, gololi hubingirika na kuibonyeza. Miaka michache iliyopita nilikwenda Tanga kumwona mama, nikakuta pampu mpya imeungua. Tangi la chini lilikuwa na boya lake la kuzuia pampu isivute hewa maji yakipungua. Pampu ilikataa kuwaka, akaitwa fundi, fundi akaona kosa ni la boya, akalifunga juu kwa waya. Pampu ikawaka kweli. Ikanguruma usiku kucha katika tangi kavu, na asubuhi ikanuka. Boya halikuwa na kosa lolote. Lilikuwa linasema, "Maji hakuna."

Mama aliniuliza kama nimemkasirikia fundi. Nikamwambia hapana. Sikumwambia kwa nini.

Sababu ni hii. Nilimaliza shahada ya uhandisi hapa Uingereza mwaka 1997, na baada ya kuhangaika nikapata kazi ya matengenezo katika kiwanda kimoja cha mikate. Sitakitaja jina, na aibu ninayoisimulia ni yangu, si yake. Nilikuwa na miaka 28, kibali cha kazi kimefungamana na mwajiri yule yule, na nyumbani watu wanasubiri pesa kila mwisho wa mwezi. Mnaojua hali hiyo hamhitaji nieleze zaidi. Nilikuwa mtu asiyesema "haiwezekani". Niliona fahari msimamizi akisema, "Mpeni yule Mtanzania, ataiwasha."

Tulikuwa na mashine ya kugawa donge. Unga uliokandwa huingia juu, ndani kuna pistoni na kisu, na chini hutoka vipande vya uzito mmoja. Mbele ya kisu kulikuwa na mlango wa chuma wa kinga, na pembeni yake maikroswichi kubwa yenye mkono wa kigurudumu. Mlango ukifungwa unabonyeza kigurudumu, mashine inaruhusiwa kuzunguka. Mlango ukifunguliwa, kigurudumu kinaachiwa na mashine inasimama.

Usiku mmoja mashine ilianza kusimama yenyewe. Inazunguka dakika tano, inasimama. Unagonga mlango, inawaka. Dakika tatu, inasimama. Donge linaumuka kwenye mapipa, malori yanasubiri nje, msimamizi anatazama saa yake na kunitazama mimi. Nikaifungua swichi, nikaipulizia unga uliokuwemo, nikaipima. Nzima. Nikairudisha, mashine ikasimama tena. Saa tisa za usiku nikatoa tepu nyeusi mfukoni, nikakiviringisha kigurudumu kikiwa kimebonyezwa, mizunguko minne. Mashine ikazunguka mpaka alfajiri bila kukohoa. Msimamizi akanipiga bega.

Nilijiambia ni kwa usiku ule tu. Sikuandika katika kitabu cha zamu, kwa sababu nilijua kwamba ningeandika, mtu angeniuliza. Asubuhi nikaenda kulala. Kesho yake kulikuwa na tatizo la mkanda, keshokutwa la tanuri, na kwa vile mashine ya donge haikulalamika tena, nikaisahau.

Baada ya wiki tatu, mzee mmoja wa Kipunjabi aliyekuwa akiiendesha mashine ile alifungua mlango ili atoe donge lililokwama. Alifanya hivyo kila siku kwa miaka mingi. Unafungua, inasimama, unatoa, unafunga. Siku hiyo aliufungua na mashine haikusimama. Alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia.

Tepu ilionekana mara moja. Walipouliza ni nani, nilisema ni mimi, lakini sitajisifu kwa hilo, maana nilinyamaza kwanza kwa muda ambao hata sasa nauona mrefu. Nilipewa onyo kali, sikufukuzwa. Nadhani ni kwa sababu msimamizi naye alijua alichokiona usiku ule na akachagua kutouliza. Nilikwenda kumwona mzee hospitali. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Hakunitukana. Aliniambia tu, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba hakuwa mzembe, nisije nikafikiri hivyo, kwamba mlango ulikuwa wazi kabisa. Alikuwa akijitetea kwangu mimi!

Kilichonivunja zaidi kilikuja baadaye, tulipoikagua mashine. Bawaba ya juu ya mlango ilikuwa imelika. Mlango ulikuwa umelala kidogo, na mtetemo ukizidi, ulijiachia milimita moja au mbili kutoka kwenye kigurudumu. Hizo zinatosha. Yaani usiku ule swichi haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa inaniambia, mara baada ya mara, "Mlango huu haujafungwa sawasawa." Nilikuwa nimeipima, mita ikaniambia ni nzima, na bado nikaiziba mdomo, kwa sababu habari iliyoleta haikunifaa saa ile. Bawaba ilikuwa kitu cha bei ndogo na kazi ya nusu saa.

Tangu hapo nimeipa muda mwingi wa kazi yangu elimu hii ya swichi za usalama, na kuna mawili ambayo hata mtu asiye fundi anapaswa kuyajua. La kwanza: swichi ya kuzuia hatari huunganishwa kwa namna ambayo umeme unapita wakati kila kitu kiko salama. Waya ukikatika au mguu ukilegea, mashine inasimama. Kinyume chake, swichi inayosubiri hatari ndipo ipitishe umeme, siku waya wake ukikatika haitasema chochote, na hakuna atakayejua.

La pili ni zito zaidi. Maikroswichi ya kawaida hutegemea springi yake kuachanisha pointi. Pointi zikigandana kwa joto, springi haina nguvu ya kuzibandua. Tena swichi inayobonyezwa mlango ukifungwa, kama ile ya kwangu, hudanganywa na kipande cha tepu. Kwa hiyo penye hatari kubwa, kama milango ya lifti na ya mashine za kukata, hutumika swichi ya aina nyingine, ambayo mlango wenyewe ukifunguka huzisukuma pointi zake ziachane kwa nguvu ya chuma, hata kama zimegandana. Utaitambua kwa alama ya mshale ndani ya duara. Zinazofanana na maikroswichi kwa umbo zipo, kwa hiyo usiangalie umbo, tafuta alama. Na mahali pengine huwekwa mbili, moja inabonyezwa mlango ukifungwa, ya pili inabonyezwa ukifunguka. Anayetaka kudanganya itambidi aongope mara mbili kwa namna mbili.

Sasa turudi jikoni kwetu. Waliobuni maikrowevu waliyajua haya. Ndani ya kitasa cha mlango mara nyingi kuna maikroswichi tatu. Mbili huruhusu umeme mlango ukifungwa. Ya tatu ni jasusi. Miguu yake imeunganishwa kinyume, kwenye NC, na yenyewe hufunga njia mlango ukifunguliwa. Ikikuta kwamba mlango uko wazi lakini umeme bado unakuja, kwa maana wenzake wamegandana, hukutanisha nyaya mbili kwa makusudi ili fyuzi iungue na oveni ife. Fyuzi ile ndiyo neno lake la mwisho.

Ndiyo maana fyuzi zetu ziliungua mlango ulipofunguliwa katikati ya kazi, na si wakati mwingine. Hazikuwa dhaifu. Kama kijana angeweka uzi wa waya, tungekuwa tumeondoa kinga ya mwisho, na siku moja oveni ingeendelea kupika mlango ukiwa wazi na uso wa shangazi uko mbele yake. Mawimbi yale hayaachi sumu katika chakula, lakini huunguza nyama ya binadamu kama yanavyopasha ya mbuzi, na macho ndiyo yanayoumia upesi.

Baada ya tarawehe nilimwita yule kijana. Nilihakikisha kwanza plagi iko nje na kapasita imetolewa umeme wake, na hapa nawaomba msiige, kwa sababu kapasita ya maikrowevu huweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata ikiwa imechomolewa, nayo huua. Tukapima. Mlango wazi, na swichi ya kwanza mita inasoma kana kwamba umefungwa. Imegandana. Nikamwekea mkononi ile mbovu na nyingine nzima niliyokuwa nayo katika sanduku la zana. Akabonyeza nzima: tik. Akabonyeza mbovu: ikabonyea kimya. Akarudia mara kadhaa, akiwa ameisogeza sikioni.

"Anko, ulijuaje kabla ya kufungua?"

Nikamsimulia habari za kiwanda cha mikate. Nilikuwa sijamsimulia mtu wa jumuiya hii hata mmoja, na wengi wenu mnanijua zaidi ya miaka ishirini. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja: "Sasa kwa nini hukumwambia msimamizi kwamba haiwezekani?"

Nikamwambia nilikuwa naogopa. Si kufukuzwa peke yake. Nilikuwa naogopa kuwa mgeni aliyesimamisha kazi. Kijana yuko kwenye mkataba wa muda katika ghala moja, na niliona amelielewa jibu hilo kuliko nilivyotaka alielewe.

Oveni tulimpelekea fundi mwenye leseni na kipimo cha mawimbi yanayovuja. Alibadilisha swichi zote tatu, bei ikawa chini ya ile tuliyolipa kwa maziwa ya wiki moja, na sasa inapasha vizuri. Akina mama, fungueni mlango mnavyotaka, ila mkibonyeza kitufe cha kusimamisha kwanza mtaongeza umri wa swichi.

Na vijana wetu mlioko kwenye maghala, viwanda, majiko ya hoteli na nyumba za wazee: mkikuta swichi imefungwa tepu, imekazwa kwa kamba au imechomekwa kijiti cha barafu, msiitumie mashine hiyo, na ulizeni kwa sauti ni nani aliyeifunga na kwa nini. Mkiogopa kuuliza peke yenu, nipigieni simu. Nitakuja tuulize wote.

Wasalaam.